Paleobiology Database na fumbo la Inoceramus: karani hodari, macho hana

Ukiiuliza Paleobiology Database, hifadhidata ya mtandaoni ya rekodi za visukuku, jina Inoceramus la kombe la kale la baharini limewahi kutumiwa na nani, wapi na kwa tabaka la umri gani, utapata jibu kabla hujamaliza kukaa vizuri kitini. Ukiiuliza kombe ulilolishika mkononi ni la jenasi gani, haina la kukwambia. Tathmini hii inahusu matumizi hayo mawili, kwa kuwa wengi huifungua hifadhidata hii wakitafuta la pili, hupewa la kwanza, kisha hubandika lebo yenye makosa wakiamini wameshauriana na mtaalamu.

Huduma ni ya bure. Kutafuta na kupakua hakuhitaji akaunti. Kuingiza data ndiko kunakohitaji kibali. Iko paleobiodb.org, na milango mikuu ni mitatu: ramani ya kuzunguka nayo, fomu ya kupakua, na API ya kuandika ombi lako mwenyewe kama anwani ya wavuti. Ramani ni nzuri kwa kuonyesha wanafunzi. Kwa kazi ya uainishaji haifai sana, maana inaficha mambo ambayo tutaona hapa chini kuwa ndiyo kiini cha kazi.

Kwanza tumjue mgonjwa. Jenasi Inoceramus ilipewa jina na James Sowerby mwaka 1814, na spishi kielelezo chake, yaani ile ambayo jina la jenasi limefungwa kwayo, ni Inoceramus cuvieri. Ni moluska wa baharini mwenye makombe mawili. Tabaka la nje la kombe ni kalsiti iliyojengwa kwa vijiti vilivyosimama wima vikibanana kama nyuzi, na tabaka la ndani ni la lulu, yaani aragoniti. Aragoniti huyeyuka upesi ndani ya mwamba ilhali kalsiti hubaki, ndiyo maana vipande vingi vinavyookotwa vina tabaka la nje tu. Kipande kilichovunjika kikitazamwa kwa ubavu kwa lenzi ya mara 10 huonyesha vijiti hivyo waziwazi. Hiyo inatosha kukuelekeza kwenye familia, yaani Inoceramidae. Jenasi ni habari nyingine.

Kwa zaidi ya miaka 100 karibu kila kombe kubwa la Kretasia, kipindi cha mwisho cha zama za dinosaria, lenye mikunjo ya duara lilitupwa ndani ya Inoceramus. Likawa kapu. Mwaka 1932 Rudolf Heinz alilipasua kapu hilo kwa majina mapya mengi mno, mengine yakiwa na maelezo mafupi sana, na wataalamu wengi waliyakataa kwa jumla kabla ya baadhi yao kurudi kuyaokota moja moja. Cataceramus na Trochoceramus ni miongoni mwa yaliyookolewa. Mwaka 1961 Seitz akaleta Platyceramus na Cladoceramus kama jenasi ndogo ndani ya Inoceramus, na mwaka 1969 Cox akaongeza Cremnoceramus. Leo waandishi wengi huzitumia kama jenasi kamili. Wengine bado huziandika kwenye mabano baada ya Inoceramus. Hakuna kati yao aliyevunja kanuni, kwa sababu kanuni za majina hazisemi jenasi iwe pana kiasi gani.

Hapo ndipo muundo wa hifadhidata hii unapostahili sifa. Haihifadhi uainishaji mmoja uliokwisha kuamuliwa. Inahifadhi rai. Kila rai ni sentensi moja iliyotoka kwenye chapisho fulani: fulani, mwaka fulani, alisema jina hili ni la familia hii, au ni kisawe cha jina lile, au limehamishiwa jenasi nyingine. Rai hupewa uzito kufuatana na msingi wake. Iliyotolewa pamoja na ushahidi iko juu ya iliyotajwa bila ushahidi, na hiyo iko juu ya ile inayodokezwa tu na jinsi mwandishi alivyopanga majina yake. Zikilingana uzito, iliyochapishwa karibuni zaidi ndiyo inayoshika usukani. Mti unaouona kwenye skrini ni matokeo ya kanuni hiyo tu. Hakuna kamati iliyokaa ikaujadili.

Faida yake ni kwamba unaweza kurudi nyuma na kuona mzozo wenyewe. Hasara yake ni kwamba chapisho moja jipya, hata kama halikushika hata sampuli moja ya kundi hili, linaweza kuusogeza mti mzima mradi mtu ameliingiza na kuliwekea alama ya ushahidi. Kinyume chake pia hutokea: kazi nzuri ambayo haijaingizwa na mtu ni sawa na haipo. Kwa hiyo usisome ukurasa wa Inoceramus kabla ya kuvuta orodha ya rai. Kwenye API ombi ni taxa/opinions, ukiweka base_name=Inoceramidae na op_type=all. Bila hilo la mwisho unaweza kupewa zile tu zilizotumika kujenga mti, na zilizoshindwa, ambazo mara nyingi ndizo zenye mafunzo, zisionekane.

Mfano mzuri wa kujaribia ni kombe dogo la Albia, mojawapo ya hatua za Kretasia, linalojaa kwenye udongo wa Gault huko Folkestone, Uingereza. Parkinson alilipa jina la spishi mwaka 1819. Katika maandishi utalikuta kama Inoceramus concentricus, kama Birostrina concentrica, na kama Actinoceramus concentricus. Kombe ni lilelile, mnyama ni yuleyule. Tazama pia mwisho wa jina la spishi: Birostrina huchukua -a, zile nyingine mbili huchukua -us. Mtu anayetafuta kwa tahajia moja tu anapoteza rekodi bila onyo lolote. Dawa ni alama ya asilimia: match_name ikiandikwa concentric% baada ya jenasi hukamata miisho yote. Fanya hivyo hata kwa spishi kielelezo, maana kuna waandikao cuvieri na waandikao cuvierii. Ila usiitumie alama hiyo kwenye jenasi kwa pupa. Actinocer% itakuletea Actinoceras na ndugu zake, ambao ni jamaa za pweza wa zamani, na utajikuta una wanyama wa Paleozoiki, enzi ya kale zaidi, ndani ya jedwali la Kretasia.

Mfano wa pili ni Mytiloides labiatus. Schlotheim aliitaja spishi hii mwaka 1813, yaani mwaka mmoja kabla jenasi Inoceramus haijazaliwa, akiiweka katika jenasi Ostracites. Baadaye ikawa Inoceramus labiatus kwa vizazi vya wanajiolojia, kisha Mytiloides, jenasi ya Brongniart ya mwaka 1822. Ndiyo sababu jina la Schlotheim huandikwa ndani ya mabano: mabano yanasema spishi imehama kutoka jenasi ilikoanzia. Lebo inayosema Mytiloides labiatus Schlotheim bila mabano ina kosa, dogo lakini linaloonekana kwa kila anayejua.

Ngazi za juu zina vurugu zake pia. Vitabu vya mwishoni mwa miaka ya 1960 viliiweka familia hii chini ya oda (ngazi iliyo juu ya familia) ya Pterioida, baadaye wapo walioipeleka Praecardioida, na mipangilio ya karne hii huielekeza Myalinida. Kama kazi yako ni kutaja jenasi na spishi, usipoteze usiku juu ya oda. Andika familia, endelea.

Sasa upakuaji, mahali ambapo hasara nyingi hutokea kimyakimya. Ombi la rekodi za kupatikana ni occs/list.csv. Weka base_name=Inoceramidae, wala si Inoceramus pekee, kwa sababu ukitaja jenasi unapata tu kile ambacho mti wa leo unakihesabu kuwa Inoceramus, na zile zilizohamishiwa Cremnoceramus au Mytiloides zinabaki nje. Weka limit=all usije ukapewa kipande cha kwanza cha orodha ukadhani ndiyo yote. Ongeza show=ident,class,strat,loc,ref ili safu za majina, uainishaji, mwamba, mahali na chanzo zije pamoja. Ongeza datainfo pia: huweka juu ya faili siku ya kupakua na vigezo ulivyotumia, nawe utahitaji kuiambia programu yako ya jedwali iruke mistari hiyo ya mwanzo. Hatua hii si urembo. Data hubadilika kila rai mpya inapoingizwa, na faili isiyo na tarehe haiwezi kurudiwa na mtu mwingine.

Faili ikifika, safu mbili ndizo za kukaziwa macho: identified_name na accepted_name. Ya kwanza ni jina kama lilivyoandikwa na aliyeripoti. Ya pili ni jina ambalo mti wa hifadhidata unalikubali leo. Kati yake kuna safu iitwayo difference, ambayo hueleza kwa nini majina hayo mawili yanatofautiana: kisawe, tahajia mbaya, spishi iliyohamishwa jenasi, jina lenye mashaka, au spishi ambayo haijaingizwa. Hiyo ya mwisho ina madhara zaidi kwa kundi hili. Maana yake ni kwamba jina la spishi liliandikwa kwenye rekodi, lakini hakuna aliyeliingiza jina hilo kama kitu cha kuainishwa, kwa hiyo accepted_name inaishia kwenye jenasi. Rekodi ya Inoceramus yenye spishi ambayo wataalamu walishaihamisha miaka mingi iliyopita itaendelea kuhesabiwa Inoceramus, kwa sababu tu mhamo huo haujafika kwenye mfumo. Chuja safu hiyo kwanza, kisha hamisha kwa mkono ukitaja chapisho linalokuruhusu.

Alama za shaka nazo ziangaliwe. Mwanajiolojia anayeandika cf. anasema inafanana na spishi ile lakini hana uhakika, aff. ni ndugu wa karibu asiye yeye. Alama ya kuuliza inajieleza. Kigezo cha idqual hukuwezesha kubakiza zenye uhakika tu. Kwa makombe haya tunashauri uanze na idqual=certain ukiwa unachora mipaka ya umri, na urudishe zote ukiwa unatafuta tu mahali pa kwenda kuangalia sampuli.

Kuna mtego mwingine usioonekana kwenye safu yoyote. Vijiti vya kalsiti huachana mnyama akishaoza, na tabaka nzima za chokaa laini hujaa vijiti vilivyotawanyika. Watu wengi waliviandika Inoceramus sp., yaani Inoceramus ya spishi isiyotajwa, kwa mazoea. Kijiti kimoja hakiwezi kutofautisha Inoceramus na Platyceramus, wala na jenasi nyingine yoyote ya familia. Rekodi isiyo na spishi, iliyotoka kwenye chokaa, bila mchoro wala picha katika chapisho lake, ihesabiwe kuwa ya familia tu.

Kuhusu umri, hifadhidata huupa kila mkusanyo, yaani visukuku vya mahali na tabaka moja, max_ma na min_ma (umri wa juu na wa chini kwa mamilioni ya miaka) kulingana na kipindi kilichotajwa. Aliyeandika "Kretasia ya Juu" peke yake amekupa dirisha la kutoka miaka milioni 100.5 hadi milioni 66. Familia hii inathaminiwa kwa sababu spishi zake hupita upesi, kiasi cha kutumika kuweka mipaka ya hatua za kijiolojia. Mwanzo wa Koniasia umewekwa kwa kutokea kwa Cremnoceramus deformis erectus katika machimbo ya Salzgitter-Salder, Ujerumani, mpaka ulioidhinishwa mwaka 2021. Mwanzo wa Santonia umewekwa kwa Cladoceramus undulatoplicatus huko Olazagutia, Hispania, uliothibitishwa mwaka 2013. Kuchanganya rekodi za usahihi huo na zile za dirisha la miaka milioni 34.5 ni kupima dawa kwa ndoo. Weka timerule=contain ili ubaki na zile zilizomo kikamilifu ndani ya hatua unayoitaka, na uandike jina la hatua kwa tahajia ya mfumo wenyewe, mathalani Turonian.

Yote hayo ni juu ya majina. Kwenye kombe lenyewe, huduma hii inakuacha peke yako. Haina ufunguo wa utambuzi unaokuongoza kwa maswali. Unachoweza kupata ni orodha ya jenasi zinazowezekana kwa mwamba na umri wako, na hilo si haba: kupunguza jenasi 20 hadi 5 ni nusu ya kazi. Nusu ya pili inataka kalipa, kipimapembe na subira.

Pima urefu wa ukingo wa bawaba, yaani ule mstari ulionyooka ambako makombe mawili hukutana. Pima mhimili wa kukua, kutoka ncha ya kombe hadi ukingo wa mbali zaidi, ukifuata mwelekeo wa mikunjo. Kisha pima pembe kati ya mhimili huo na bawaba. Usipime mara moja tu ukingoni. Chukua vipimo hivyo kwenye mikunjo kadhaa, mathalani kila milimita 10 za mhimili, kwa sababu makombe haya hubadilika umbo yanavyokua na mabadiliko hayo ndiyo sahihi ya jenasi. Cremnoceramus huanza kuwa bapa, na mikunjo midogo iliyokaribiana, kisha kombe linapinda ghafla kama kiwiko na kuendelea na mikunjo mikubwa iliyoachana. Ukipata kipande cha sehemu ya utotoni tu, kiwiko hakipo, na hapo Cremnoceramus hupewa jina Inoceramus bila mtu kushtuka. Ukubwa wa sehemu hiyo ya utotoni, ukipimwa hadi penye kiwiko, ndio unaosaidia pia kutenganisha maumbo ndani ya Cremnoceramus deformis.

Jenasi nyingine ni rahisi zaidi. Volviceramus ina kombe la kushoto lililojisokota kama konokono na la kulia lililokaa bapa kama kifuniko. Ukiona makombe mawili yasiyofanana kiasi hicho, umefika. Cladoceramus ina mikunjo ya duara inayokatwa na mikunjo minene iliyotawanyika kama vidole. Mytiloides imeinama mno upande mmoja, umbo la kome. Platyceramus ni pana, nyembamba na bapa. Zile za mwamba wa Niobrara, Kansas, zimefikia mita 3, na samaki wadogo wamepatikana wakiwa wamehifadhiwa ndani yake, jambo linalomfanya mtu aliangalie kombe hilo kama nyumba ya kupanga.

Kosa kubwa zaidi kwenye vipimo ni mgandamizo. Ndani ya mwamba wa udongo kombe hubanwa likawa bapa, unene wake haumaanishi tena kitu, na pembe hubadilika kufuatana na upande uliobanwa. Kagua kwa kuangalia kama kuna nyufa zinazopita mikunjo, na linganisha kombe la kushoto na la kulia kutoka tabaka moja. Zikiwa zimeinama kwa viasi tofauti visivyo vya kawaida, tupa pembe, bakiza idadi na nafasi za mikunjo. Kosa linalofuata ni kusoma umbo la ndani kana kwamba ni la nje. Tope lililojaza kombe likagandamana huonyesha mikunjo iliyofifia, na jenasi yenye mbavu kali inaonekana laini. Tafuta masalia ya vijiti vya kalsiti juu ya uso kabla ya kuandika neno "laini" kwenye maelezo yako. Mwisho, ukingo wa bawaba wenye mashimo ya kano ukiwa umevunjika, jenasi kadhaa haziwezi kuthibitishwa kabisa.

MolluscaBase hutajwa mara nyingi kama mbadala. Si mbadala, ni jirani. Yenyewe ina wahariri wanaochagua jina moja linalokubalika na kutaja chanzo, kwa hiyo ni nzuri kwa kuhakiki tahajia, mwandishi na mwaka wa jina la moluska, pamoja na baadhi ya waliotoweka. Haikwambii limepatikana tabaka gani. Njia yenye tija ni kuanza kwa jina kule, kuvuta rai na rekodi huku, kisha kurudi kwenye chapisho la asili lenye picha.

Alama zetu kwa Paleobiology Database katika kazi hii: kwa historia ya majina na uwazi wa mzozo, 9 kati ya 10. Kwa usambaaji na umri, 7, mradi umechuja. Kwa kutambua sampuli, 2, na hizo mbili ni za ile orodha fupi ya wanaowezekana. Anayeandika makala au kupanga droo za makumbusho aitumie kila siku. Mkusanyaji mwenye kombe moja na simu mkononi ataondoka na imani zaidi kuliko maarifa.

Lebo ya sampuli ambayo jenasi yake haijathibitika iandikwe Inoceramus s.l. sp., herufi hizo mbili zikionyesha maana pana ya jina, au Inoceramidae indet., yaani ya familia hiyo bila kutambulika zaidi, kama una vijiti tu. Chini yake weka tabaka, kimo cha tabaka hilo kwa mita kutoka alama inayojulikana, namba ya rekodi ya mkusanyo uliolinganisha nao, na tarehe uliyopakua. Andika kwa penseli au wino usiofifia, na namba ya sampuli iwe juu ya jiwe lenyewe, kwa sababu karatasi hupotea.